Asiyerudi Si Aliyepona

Saa moja kasorobo asubuhi. Soko halijachangamka. Wafagiaji wanamalizia njia ya katikati, na maji ya jana bado yametuama kwenye mfereji. Ndani ya kizimba namba kumi na tisa, mwanamke wa miaka hamsini na minne ameketi juu ya gunia la magome, miwani imemshuka puani, simu iko sikioni, kalamu mkononi. Mbele yake limefunguliwa daftari kubwa lenye jalada gumu.

"Haloo. Naomba kuongea na baba aliyechukua dawa ya tumbo Jumatano iliyopita."

Anayepokea ni mwanamke, na sauti yake inasikika hadi nje ya kizimba.

"We nani unayemtafuta mume wangu asubuhi yote hii?"

"Mimi muuza dawa wa sokoni, mama. Nataka kujua kama tumbo lake limetulia."

"Tumbo la mume wangu linakuhusu nini?"

"Linanihusu, mama. Nimelitia dawa."

Mwanamke anaangua kicheko. "Haya ngoja. Baba! Amka, kuna mwanamke anaulizia tumbo lako!"

Mume anakuja kwenye simu na usingizi wake. Ndiyo, amepona, tena siku ya tatu tu. Dawa nzuri sana. Lakini akiulizwa vizuri anakumbuka kwamba siku ya pili alipitia duka la dawa akanunua na vidonge.

Muuza dawa anashukuru, anakata simu, anaandika. Jina la mteja haliingii kwenye safu ya waliopona. Linaingia kwenye safu ya nne, yenye neno moja juu yake: *Amechanganya*.

"Huyu angekuwa wa jirani zangu, leo angetangazwa kwenye spika," anasema, akilamba kidole kufungua ukurasa unaofuata. "Mimi simjui aliyemponya. Huenda ni mimi, huenda ni vidonge, huenda ni tumbo lenyewe lilichoka kuuma."

Sokoni wanamwita Bi Daftari. Walimpa jina hilo kwa kumkejeli, naye akalipokea. Sasa hata barua za umoja wa wauza dawa za asili humwandikia hivyo. Barua ya mwisho, iliyomfikia wiki iliyopita, ilikuwa fupi: aondoe ubao wake ifikapo Ijumaa saa sita mchana, au arudishe ufunguo wa kizimba alichokirithi kwa mama yake.

Ubao wenyewe ulikuwa umetundikwa ukutani, juu ya kichwa chake, umeandikwa kwa rangi nyeusi ya mlango:

DAWA ZA HAPA HAZITIBU KISUKARI, PRESHA WALA KANSA. USIACHE VIDONGE VYA HOSPITALI. UPONE USIPONE, NITAKUPIGIA SIMU.

Ili kuelewa kwa nini mtu auze dawa chini ya ubao wa namna hiyo, inabidi kurudi miaka sita nyuma, kwenye kijiko.

Mama yake alimwachia mzizi mmoja wa tumbo, kinu, mchi, na kijiko cha mti. Mzizi ulitwangwa, ukachekechwa kwa chekecheo la matundu makubwa, ukapimwa: vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Aliifanya kazi hiyo tangu akiwa na miaka kumi na minne, na mikono yake inaonyesha. Vidole viwili vya mkono wa kulia havinyooki tena.

Kwa hiyo ilipoletwa mashine ya kusaga nyuma ya soko, alikuwa wa kwanza kupanga foleni. Unga ulitoka laini kama poda, mweupe, wa kupendeza. Wateja waliusifu. Naye akaendelea kupima kwa kijiko kile kile.

Wiki ya pili mama yake mdogo, aliyekunywa mzizi huo kwa miaka bila shida, alitapika mpaka akaishiwa nguvu. Alilazwa siku tatu.

"Kila mtu alinambia, si mzizi huo, mzizi ni wa siku zote. Amekula kitu. Amerogwa. Nami nikasema hivyo hivyo," anasimulia. "Lakini wiki hiyo walikuja watatu wengine na kilio kimoja. Nikajiuliza, je, wote hawa wamekula kitu kimoja, au kitu kimoja ndicho mimi?"

Alikwenda kwa muuza viungo, akaazima mizani yake ndogo. Akatwanga kidogo kwa kinu, akapima kijiko. Gramu tatu. Akachota unga wa mashine kwa kijiko hicho hicho. Gramu tano na kitu. Akarudia mara kumi, muuza viungo akimwambia aache kuichezea mizani ya watu.

Kinu kilikuwa kinaacha nyuzi, na nyuzi zilikuwa zinajaza kijiko. Mashine ilisaga kila kitu. Kijiko kilikuwa cha mama, vipimo vilikuwa vya mama, lakini wateja walikuwa wanakunywa karibu mara mbili.

"Watu wanapenda kusema dawa ya asili haina madhara. Kwani sumu ya nyoka ni ya kiwandani?" anauliza, na hangoji jibu.

Siku hiyo alinunua mizani yake na daftari. Daftari la kwanza lilikuwa na safu mbili tu, waliopona na wasiopona. Aliyerudi kushukuru aliandikwa kulia. Aliyerudi kulalamika, kushoto. Na asiyerudi kabisa?

"Nilimweka kwa waliopona. Ndivyo tunavyofanya sote humu. Mgonjwa akipotea, kapona huyo, angekuwa anaumwa si angerudi?"

Aliyemtoa kwenye mawazo hayo ni seremala.

Miaka miwili iliyopita alihitaji rafu mpya, akaenda kwenye karakana iliyo mtaa wa pili. Alimkuta fundi amekaa kwenye kigoda, anapiga randa, mkongojo umeegemezwa ukutani. Suruali ya mguu wa kushoto ilikuwa imekunjwa ikabanwa na pini juu ya goti.

Fundi alimtambua kabla yeye hajamtambua. "Karibu, bi mkubwa. Yale magome yako ya sukari niliyamaliza yote."

Alisimama pale mlangoni, anasema, mkono kwenye mwimo. Alikumbuka. Mtu mwenye kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu. Alichukua pakiti nne, hakurudi. Jina lake lilikuwa kulia.

"Nikamuuliza, na vidonge vya hospitali? Akanambia aliviacha, aliona dawa moja inatosha. Akasema, hukuniambia niviache. Nikamwambia, wala sikukwambia usiviache."

Seremala, mwenye miaka arobaini na saba, ana kumbukumbu hiyo hiyo. "Mimi sikumlaumu," anasema, akipuliza vumbi la mbao kwenye rula yake. "Nilimlaumu mguu. Tumeishi pamoja miaka yote hiyo, halafu unaondoka bila kuaga?" Anacheka mwenyewe. Mkewe, anayepiga msasa stuli pembeni, hacheki.

Usiku huo Bi Daftari alihesabu majina mia mbili na kumi na mawili yaliyokuwa upande wa waliopona kwa sababu tu wenyewe hawakuonekana tena. Kesho yake akaanza kupiga simu. Ilimchukua miezi miwili. Wengine walikuwa wamebadilisha namba, wengine walidhani ni tapeli. Aliowapata ni mia moja thelathini na mmoja. Kati yao, hamsini na wanane walisema hawakupona. Walikwenda kwingine, au walichoka, au waliona aibu kumrudia.

"Hamsini na wanane," anasema. "Nami nilikuwa natembea sokoni kifua mbele."

Aliacha kuuza magome ya sukari, ingawa ndiyo yaliyokuwa yanauzika kuliko yote. Akaongeza safu mbili kwenye daftari, *Hakurudi* na *Amechanganya*, na akajiwekea kanuni ya kumpigia kila mteja siku ya saba. Miezi mitano iliyopita akatundika ubao.

Wateja walipungua kutoka arobaini kwa siku hadi kumi na watano. Nyumbani wameacha gesi, wamerudi kwenye mkaa. Binti yake wa mwisho, anayesomea ualimu, alihama bweni akapanga chumba na wenzake watatu. Paa la jikoni linavuja, na sufuria iliyowekwa chini ya tundu sasa ina mahali pake pa kudumu.

Vizimba vitatu mbele, hali ni tofauti. Hapo ndipo anapouzia mwenyekiti wa umoja, mtu mrefu mwenye sauti nzuri, ambaye soko zima linamwita Daktari Arobaini kwa sababu ya chupa yake moja inayotibu magonjwa arobaini. Spika yake huanza saa tatu asubuhi na kutaja magonjwa yote kwa mpangilio, kuanzia nywele kushuka.

Si mtu mbaya. Wanaomfahamu wanasema mgonjwa asiye na kitu haondoki mikono mitupu kwake, na mwenzao akifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Lakini ubao ulimuuma.

"Mteja anasoma pale, halafu anakuja kwangu ananitazama kama mwizi," analalamika. "Huyu mama anatuharibia jina. Nimesomesha watoto sita kwa chupa hii. Leo anataka nisimame niseme haitibu kisukari? Anajuaje kama haitibu?"

Maneno hayo Bi Daftari ameshayasikia mara nyingi, na jibu lake halijabadilika. "Sijui kama haitibu. Na yeye hajui kama inatibu. Tofauti yetu ni kwamba mimi nimeandika."

Kikao kilifanyika Alhamisi saa kumi jioni, kwenye ofisi ya umoja, chumba chenye benchi nne na feni inayozunguka ikikumbuka. Walihudhuria wanachama ishirini na watatu. Mwenyekiti alisoma barua, kisha akauliza kama mshtakiwa ana neno.

"Kwani nimeshtakiwa?" Bi Daftari aliuliza.

"Usianze, mama. Ubao wako unawaambia watu sisi matapeli."

"Ubao wangu hauna jina lako, mwenyekiti. Kama umejiona humo, hayo ni mambo yako na kioo chako."

Benchi la nyuma lilicheka. Mwenyekiti aligonga meza.

"Sina maneno mengi," aliendelea yeye, bila kupandisha sauti. "Nina ombi moja. Kila mmoja wetu ana simu. Atoe simu yake, ampigie mteja mmoja tu, yule ambaye hajarudi. Tuweke sauti ya juu, tusikilize. Kama wamepona, nitaushusha ubao kwa mikono yangu na kizimba nitawaachia."

Hakuna aliyegusa mfuko.

"Mwenyekiti, anza wewe," alisema.

"Mimi nina wateja maelfu. Nitajuaje namba zao?"

"Basi unajuaje wamepona?"

Mwenyekiti aligonga meza tena. Alisema kikao si mahali pa mafumbo, akaitisha kura. Kumi na wanne walinyoosha mikono kwamba ubao uliotundikwa kwenye ukuta wa umoja uondolewe ifikapo saa sita kesho. Wanane walikataa, mmoja hakupiga. Katibu aliandika azimio, akalisoma, mwenyekiti akatia saini. Bi Daftari aliomba nakala, akaisoma mara mbili kwa miwani yake, akaikunja ndani ya daftari.

Si wauza dawa wenzake tu wanaombana. Mwaka jana alikuja mfamasia wa hospitali, msichana wa miaka ishirini na tisa, kwa nia ya kumwandikia ripoti afungiwe. Alikuta daftari, akaomba kulisoma. Alikaa mpaka soko likafungwa.

Siku iliyofuata alirudi, na mabishano yao hayajaisha mpaka leo. Bi Daftari alikuwa amejivunia ukurasa mmoja kuliko yote: wateja mia moja wa tumbo la kuendesha, sabini na mmoja wamepona ndani ya siku saba, kila mmoja amethibitisha mwenyewe kwa simu.

"Mama," mfamasia alimuuliza, "watu mia wa namna hiyo wasipokunywa kitu ila maji ya chumvi na sukari, wangapi watapona kwa siku saba?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui hasa. Lakini wengi. Huenda sabini."

Bi Daftari anakiri kwamba hakulala siku mbili. Siku ya tatu alimpigia yeye. "Mwanangu, nimefikiri. Umesema kweli. Lakini na wewe, hivyo vidonge vyako, umempigia nani siku ya saba?"

Mfamasia anasimulia hayo huku akitabasamu. "Sikuwa nimempigia mtu. Sasa napiga, kila Ijumaa, angalau watano. Vidonge vyetu vimepimwa kabla ya kunifikia, hilo linasaidia. Lakini kama mgonjwa wangu amevimeza au amevitupa, nilikuwa sijui."

Mzizi ulipelekwa maabara ya chuo. Majibu yalirudi kwamba maji yake, ndani ya kibakuli cha kioo, yalipunguza kukua kwa vijidudu viwili vya tumbo. Kama angekuwa mwingine, karatasi hiyo ingekuwa imeshafunikwa kwa kioo na kutundikwa. Mfamasia alimwonya: hata siki huua vijidudu kwenye kibakuli, na tumbo la mtu si kibakuli. Karatasi hiyo sasa iko ndani ya daftari, na juu yake ameandika kwa mkono: *Bado.*

Ijumaa saa nne asubuhi, mbele ya majirani waliojisogeza wakijifanya wananunua nyanya, Bi Daftari alipanda kwenye stuli na kuushusha ubao. Daktari Arobaini alizima spika yake kwa heshima. "Hakuna uadui, mama," alimwambia. "Sheria ni sheria."

"Sheria ni sheria, mwenyekiti."

Saa tano na nusu mkokoteni uliingia kwa njia ya katikati, ukisukumwa na mke wa seremala. Nyuma yake alikuja seremala mwenyewe na mkongojo wake. Kwenye mkokoteni kulikuwa na ubao mpya, mpana kuliko wa kwanza, maneno ni yale yale, herufi zimechongwa ndani ya mbao kisha zikapakwa rangi. Na ulikuwa na miguu.

Waliushusha, wakauweka ndani ya kizimba, mbele kabisa, hauegemei kitu.

"Miguu mitatu," seremala alitangaza kwa sauti ya mnada. "Nimeupa mmoja wa akiba. Mimi najua."

Daktari Arobaini alikuja, akatazama, akaitisha nakala ya azimio. Aliisoma akisogeza midomo. *Uliotundikwa kwenye ukuta wa umoja.* Akatazama ukuta. Ulikuwa mtupu, na tundu la msumari.

"Umetuchezea, mama."

"Nimetii, mwenyekiti. Ukuta wenu huo hapo."

"Tutaitisha kikao kingine."

"Itisheni. Safari hii njooni na namba za wateja."

Aliondoka, na baada ya muda spika ikaanza tena, kuanzia nywele kushuka. Kikao kingine kinaweza kuitishwa kweli, na kura zinaweza kuwa zile zile. Bi Daftari hajidanganyi kuhusu hilo. "Wakichukua kizimba nitauzia barazani kwangu. Ubao una miguu, utanifuata."

Mchana ulipotulia, muuza majani wa kizimba cha pili alikuja akasimama, macho chini, mikono nyuma.

"Dada, hizo safu unazichora vipi?"

"Si wewe uliyenyoosha mkono jana?"

"Jana ilinyoosha biashara. Leo nauliza mwenyewe."

Bi Daftari alimsogezea gunia akae. Kisha akavuta rula.

Mwezi ujao, kamati ya maadili ya chuo ikitoa kibali chake cha mwisho, majaribio yataanza hospitalini. Wagonjwa sitini wa tumbo la kuendesha, watu wazima waliokubali wenyewe. Wote watapewa maji ya chumvi na sukari. Nusu watapewa mzizi, kwa gramu na si kwa kijiko. Nusu watapewa unga unaofanana nao usio na dawa, na hakuna mgonjwa wala muuguzi atakayejua nani amepata upi.

Jambo hilo lilimchukua wiki tatu kulikubali. "Nilisema, nimpe mtu unga mtupu? Si wizi huo? Mfamasia akanambia, mama, kama mzizi wako haufanyi kitu, umekuwa unawapa unga mtupu tangu enzi za mama yako. Nilikasirika! Nilimfukuza hapa." Anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya kanga. "Halafu nikamfuata."

Anajua anachohatarisha. Mzizi huo ndio unaoleta zaidi ya nusu ya wateja aliobaki nao. Ndiyo dawa pekee iliyobeba jina la mama yake, na kijiko cha mti bado kinaning'inia kwenye msumari ingawa hapimi nacho tena. Ndugu zake wamemwambia anakwenda kumfukua marehemu.

"Mama yangu hakuwa mwongo," anasema. "Aliamini alichokiona. Kama alikuwa sahihi, nataka dunia iseme hivyo kwa karatasi, si kwa spika. Kama alikosea, alikosea akitafuta kusaidia watu, nami sitaendelea kukosea kwa heshima yake."

Seremala, ambaye bado yuko kizimbani akinywa maji, amekuwa akiukagua ubao wake. Herufi ziko sawa, miguu imekaa. Kitu kimoja tu hakikumpendeza tangu alipopewa maagizo. Maneno yanaishia juu ya nusu, na chini kumebaki nafasi tupu ya mistari miwili, imepigwa msasa ikapakwa vanishi bure.

"Bi mkubwa, huku chini nimepaacha wazi kama ulivyotaka," anasema. "Lakini panaonekana pamesahaulika. Nisikuchongee hata ua?"

Bi Daftari anaweka kidole chake kisichonyooka kwenye mbao hiyo tupu, anakipitisha taratibu kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama anayepima.

"Paache," anasema. "Mzizi wa mama ukishindwa, utaandikwa hapo."

Kisha anavaa miwani yake na kufungua daftari. Bado wamebaki wateja wanne wa siku ya saba.